Viti Viwili

Hapa Mabela, mezani, fomu ya hospitali imelala kifudifudi
kama mtu asiyetaka kusalimiwa.
Siku ya nne leo. Tumeiwekea chupa ya kahawa juu,
imeacha duara.

Mama mkwe ndiye wa kwanza kuiona.
"Tumbo lililobeba wanne, ukalikate?
Mungu kakuumba kamili, Thuwaiba."
Akanisogezea halwa aliyokuja nayo kutoka Nizwa,
ile yenye zafarani nyingi,
na mimi nikala, kwa heshima,
kama nilivyokula kwa heshima miaka kumi na saba.

Zahor akasema, "Amua mwenyewe, mimi radhi."
Radhi! Neno jepesi, halibebi kitu.
Nilitaka aseme naogopa. Aseme usiniachie hawa.
Akatoka kwenda kutia petroli,
na gari lilikuwa limejaa.

Shinuna, dada yangu, kapiga simu kutoka Dubai.
Yeye alikatwa mwaka juzi.
Nywele zilimtoka kwa mafungu, anasema,
na arusini anakula matonge matatu
halafu anakaa akitazama vinywa vya watu.
"Lakini napanda ngazi nikiimba."
Akanyamaza.
"Si sana. Naimba kidogo."

Rayya, wangu wa kwanza, kumi na tano,
ndiye aliyeitafuta namba ya daktari,
akaniandikia tarehe kwa kalamu ya zambarau.
Juzi usiku kasimama mlangoni:
"Usifanye kwa ajili yetu, mama.
Ukifa, utakuwa umekufa kwa ajili yetu."
Nikamwambia nenda kalale.
Ningemwambia nini tena?
Babu yake, sukari ilianza na kidole
ikaishia gotini,
na Rayya ndiye aliyekuwa akimvisha soksi,
ile moja.

Lakini si yeye aliyenigeuza. Wala si mizani ya daktari,
iliyoandika namba nikaisoma
kama namba ya simu ya mtu nisiyemjua.

Ni Muhanna.
Miaka minne, kitinda mimba.
Magoti yangu yamegoma kusujudu tangu nimzae;
nasali kitini, na kazi ya kiti ni yake.
Adhana ya alasiri haijesha, anakiburura
kutoka jikoni, miguu ya kiti inalia sakafuni.
Jumatatu akakileta changu.
Akarudi. Akaleta na kile chekundu cha plastiki,
akakiweka ubavuni mwangu,
akakaa, mikono magotini,
akainama kidogo, kama mimi,
akaguna "aah", kama mimi.

"Sujudu, mwanangu. Wewe una magoti."

Akanitazama kama nimemfukuza.
"Si ndivyo tunavyosali sisi?"

Sisi.

Usiku huu naiondoa chupa.
Duara la kahawa limeangukia penye jina la jamaa wa karibu,
naandika Zahor juu ya doa, wino unakataa kidogo.
Tumbo watakalonibakishia, kasema daktari,
ni ukubwa wa ndizi moja,
tena si mkono wa tembo.
Naogopa. Nalisema kwa sauti, jikoni, friji linanisikia.
Naogopa, na wala sijui kama nitampenda huyo mwembamba
atakayekuja kuvaa mabuibui yangu.
Mwili huu umenibeba vibaya, lakini umenibeba.

Natia saini.

Kile chekundu nimekificha juu ya kabati.
Kesho atakitafuta, atalia, mama mkwe atauliza kulikoni.
Changu nimekiacha palepale jikoni,
atakiburura.